Ihefu: ndege na kalenda ya maji

Anayefika kando ya Mto Ruaha Mkuu mwezi Septemba au Oktoba, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, anakuta ndege wamejaa. Korongo, yangeyange, kwarara, domomwiko, mnandi na tai wala samaki wamebanana kwenye madimbwi machache, wanakula kutwa nzima. Atapiga picha, arudi nyumbani akisimulia kwamba mwaka huu ndege wa Ruaha hawana idadi. Picha ni ya kweli, maelezo yake ndiyo yenye kasoro. Ndege hawajaongezeka. Maji yamepungua, na wale waliokuwa wametawanyika kwenye mbuga zilizofurika mwezi Aprili sasa wamesukumwa pamoja wagombee akiba ya mwisho.

Ninaanza na hilo kwa sababu kosa la kusoma dalili namna hii hufanywa hata na wenye madaraka ya kugawa maji. Tunawaona ndege walipo, hatuulizi wametoka wapi wala watakwenda wapi dimbwi likikauka. Hapa Tanzania sijui mahali panapofundisha somo hili vizuri kuliko Bonde la Usangu mkoani Mbeya, na kinamasi chake cha Ihefu kinachoulisha Ruaha Mkuu. Mto ambao zamani ulitiririka mwaka mzima ulikauka ndani ya hifadhi mwaka 1993, na tangu hapo umekuwa ukikatika karibu kila kiangazi. Mwanzoni ulikatika kwa wiki chache, baadaye kwa miezi.

Hoja yangu ni hii: maji kupungua, peke yake, si msiba kwa ndege wa ardhi oevu. Vinamasi vingi vya Afrika hujaa na kupwa kila mwaka, na ndege wake wamepanga maisha yao kwa mwendo huo. Kinachowamaliza ni maji kupungua mapema mno, kwa kasi mno, na kukaa chini kwa muda mrefu mno. Kwa hiyo anayetaka kuwalinda asiishie kuuliza kuna maji kiasi gani. Aulize pia yapo mwezi gani.

Kiangazi chenye neema

Mtazame korongo domo-njano anapotafuta chakula, yule mweupe mwenye uso mwekundu. Anaingia majini hadi magotini, anatumbukiza mdomo ukiwa wazi kidogo, kisha anatembea polepole huku mguu mmoja ukichokoa matope. Hatumii macho. Anangoja samaki aguse mdomo, na hapo unafumba kwa kasi ambayo mtu hawezi kuifuata. Ustadi huu una sharti moja: samaki wawe wengi mahali padogo. Katika mbuga iliyofurika, samaki wametawanyika kila upande, na korongo anaweza kuzunguka nusu siku akapata vijisamaki viwili. Maji yakianza kupwa, samaki wale wale wanakusanywa kwenye mifereji na vidimbwi, na kila hatua inakuwa mlo. Kufa kufaana.

Kila ndege ana kina chake. Ndege wadogo wa matopeni, ambao wengi huja kutoka Ulaya na Siberia kuanzia Agosti na kuondoka Aprili, wanahitaji tope laini lililofunikwa na maji ya sentimita chache tu. Yangeyange na kongoti wanamudu kina cha miguu yao. Mwari anaogelea na kuchota samaki kwa mfuko wa mdomo, kwa hiyo anataka maji ya wazi yenye kina zaidi. Bata wengine huchovya vichwa, wengine huzama kabisa. Ukipunguza maji kwa sentimita kumi kwenye uwanda tambarare kama Usangu, umebadilisha orodha nzima ya wanaokula. Yanapopungua taratibu, zamu zinapokezana: leo mwari, wiki ijayo korongo, mwezi ujao wale wadogo. Uwanda huo huo unalisha wengi, kila mmoja kwa wakati wake.

Ndege wengi wamefunga hata uzazi wao kwenye ratiba hiyo. Korongo hujenga viota ili makinda waanguliwe wakati samaki wanakusanyika, maana kinda anakula sana na mzazi hana muda wa kuhangaika mbali. Ndege yule ambaye mdomo wake wa chini ni mrefu kuliko wa juu, anayeruka akichana uso wa maji, hutaga kwenye mafungu ya mchanga yanayojitokeza mito mikubwa inapopwa. Maji yasiposhuka, hana pa kutaga kabisa. Kwa ndege kama hawa kiangazi ni msimu wa neema, mradi kije kwa mpangilio wake.

Mfano wa mpangilio kuvurugwa tunao kutoka Florida, Marekani. Katika vinamasi vya Everglades, korongo wa kule, jamaa wa domo-njano wetu, zamani walianza kujenga viota Novemba na Desemba. Baada ya mifereji na kuta kubadilisha mwendo wa maji katika karne ya 20, maeneo ya pembezoni waliyoyategemea mwanzoni mwa kiangazi yakawa hayana samaki wa kutosha, na uzazi ukasogea hadi Februari na Machi. Mvua zinapoanza, makinda bado wako kiotani. Samaki wanatawanyika tena, wazazi wanashindwa kuwalisha, na makinda wanakufa njaa wakati maji ni mengi. Somo lake ni zito: ndege wa majini anaweza kufa njaa katikati ya maji tele ikiwa kalenda imeharibika.

Maji yakiwahi kuondoka

Madhara ya maji kuondoka mapema huanzia kwenye kiota. Ndege wanaozaliana kwa makundi huchagua miti iliyosimama majini, visiwa vidogo au matete ya katikati ya kinamasi, kwa sababu maji ndiyo ukuta wao. Ukuta ukianguka kabla makinda hawajaota mbawa, kila mla nyama anafika kwa miguu. Ziwa Elmenteita nchini Kenya linalionyesha hili waziwazi. Mwari weupe hutaga kwenye visiwa vidogo vya mawe ndani ya ziwa hilo, kisha huruka kwenda Nakuru kutafuta samaki. Ziwa likipwa sana, visiwa huungana na nchi kavu, fisi na mbweha wakapata njia, na mwari wakaacha kutaga hapo.

Ziwa Natron lina hadithi inayofanana. Ndilo ziwa pekee la Afrika Mashariki ambako heroe wadogo huzaliana mara kwa mara, na sehemu kubwa ya heroe wadogo wote duniani huanguliwa pale. Viota vyao ni vichuguu vya matope katikati ya magadi yanayounguza, mahali ambapo mnyama hathubutu kukanyaga. Maji yakizidi, viota vinazama. Yakipungua kupita kiasi, ukoko wa magadi unakauka na kuwa barabara ya fisi. Kati ya hali hizo mbili upo usawa mwembamba, na ndege hao wanaweza kungoja miaka kadhaa hadi waupate.

Baada ya kiota, huja suala la afya. Maji yakiwa machache, ya moto na yasiyotembea, oksijeni ndani yake hupungua. Huko Ruaha, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba mto unapokatika, madimbwi yenye viboko hujaa kinyesi hadi oksijeni ikaanguka, na aina za samaki na wadudu wa majini zikapungua. Mto ulipotiririka tena, hali ilirudi. Maana yake ni kwamba lile dimbwi lililojaa ndege Septemba linaweza Oktoba kuwa na maji lakini lisiwe na chakula.

Maji ya namna hiyo huzaa pia maradhi. Mahali pengi duniani, matope yanayooza joto likipanda huwa makazi ya bakteria wa botulizimu. Sumu yao hukusanyika ndani ya funza wanaokula mzoga. Funza hawadhuriki, lakini bata akiwadonoa wachache, misuli inapooza, mbawa zinaning'inia, shingo inalegea, na mwisho kichwa kinazama akafa maji kwenye kina kisichofika kiganja. Mzoga wake unazaa funza wengine. Mzoga mmoja usioondolewa unaweza kuangusha wengi.

Kisha kuna wale wasioweza kuhama kirahisi kwa sababu chakula chao ni cha aina moja. Korongo nyangumi wa Malagarasi-Muyovozi, ardhi oevu ya kwanza ya Tanzania kuingia kwenye orodha ya kimataifa ya ardhi oevu ya Ramsar mwaka 2000, husimama bila kutikisika juu ya majani yanayoelea, akingoja kambare au kamongo apande juu kuvuta hewa. Hapo humwangukia kwa uzito wa mwili wote. Kinamasi kikikauka, kamongo hujichimbia kwenye tope na kulala humo hadi mvua, naye korongo anabaki bila mawindo. Mafunjo na matete yaliyokauka yanashika moto, na wavuvi na wafugaji wanafika mahali ambapo zamani mtumbwi tu ndio uliofika. Ndege anayetaga yai moja hadi matatu, na mara nyingi akalea kinda mmoja tu, hawezi kufidia hasara ya miaka mitatu mfululizo.

Wanaoweza kuhama nao hawaendi mahali salama. Kinamasi kikikauka, makimbilio yaliyo karibu ni mashamba ya mpunga. Majaruba yenye maji huwafaa sana ndege, na yangeyange wengi wa Mbarali, wilaya iliyo Usangu, wanaishi kwa mpunga. Lakini shambani kuna mitego, kuna hasira za mkulima, na kuna sumu. Makundi ya kwelea kwelea yanapovamia nafaka hunyunyiziwa fenthioni kutoka angani. Sumu hiyo haibagui, na tai au korongo mfukoshingo anayeokota kwelea kwelea waliokufa anaibeba ndani yake. Kwa hiyo kinamasi kinapokufa, tunaongeza ugomvi kati ya mkulima na ndege ambao wasingekutana.

Hesabu ya N'giriama

Ili kuelewa kwa nini Ihefu hukauka, lazima tulifahamu umbo lake. Mito kutoka milima ya Kipengere na Uporoto, kama Mbarali, Kimani na Chimala, inashuka kwenye uwanda wa Usangu na kuungana na Ruaha Mkuu, huku Ndembera ukitokea upande wa Mufindi. Maji hayo yanakusanyika Ihefu na kutokea mahali pamoja tu, N'giriama, penye kizingiti cha mwamba wa asili. Maji ya kinamasi yakiwa juu ya kizingiti, Ruaha Mkuu unatiririka. Yakishuka chini yake hata kwa kiasi kidogo, mto unakatika, na maji yaliyobaki ndani yanaliwa na jua.

Jua lenyewe ni mlaji mkubwa. Wataalamu waliochunguza bonde hili mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikadiria kwamba ili zaidi kidogo ya nusu mita ya ujazo ya maji itoke N'giriama kila sekunde wakati wa kiangazi, inabidi karibu mita za ujazo 7 ziingie. Sehemu kubwa iliyobaki hupaa kuwa mvuke au kunyonywa na mimea. Yaliyokuwa yakiingia kweli yalikuwa pungufu sana ya kiasi hicho. Mtu anayekitazama kinamasi kama bomba ataona huo ni upotevu. Anayewajua ndege ataona kwamba maji yale ndiyo yanayolisha matete, konokono, kambare na viota. Ni kazi ya kinamasi ikifanyika.

Maji yasiyofika Ihefu yanaishia wapi, basi? Kwa miaka mingi lawama ilimwangukia mfugaji. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji na mifugo yao waliondolewa Usangu, na mwaka 2008 eneo hilo likaingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ingawa mipaka ilirekebishwa tena mwaka 2023. Mto uliendelea kukauka. Ng'ombe hukanyaga viota na kula majani ya kingoni, hilo halina ubishi, lakini ng'ombe hawezi kunywa mto. Tafiti zilizofanyika kati ya 1998 na 2006 zilikuwa zimekwisha kuonyesha chanzo kikuu: maji yanayochepushwa kwenye mabanio wakati wa kiangazi, baada ya mpunga kuvunwa, yakiingia kwenye mifereji mirefu ya udongo. Mifereji hiyo hubaki wazi kwa sababu watu wanaitegemea kwa maji ya nyumbani, bustani na kufyatua matofali. Kaya inahitaji ndoo kadhaa kwa siku, lakini mfereji unaozileta unapoteza njiani maji mengi kuliko ndoo zote za kijiji.

Simlaumu mkulima wa Mbarali. Mchele wake unaliwa kuanzia Tunduma hadi Dar es Salaam, na banio alilopewa lilijengwa na serikali au wafadhili waliomwambia hayo ndiyo maendeleo. Kwenye mpunga wa masika maji yapo, na majaruba yale yenyewe yanalisha ndege. Tatizo linakaa kati ya Julai na Novemba, pale ambapo kiasi kidogo cha maji ndicho kinachoamua kama Ihefu itabaki juu ya kizingiti au chini yake.

Namba isiyotangazwa

Linganisha hali hii na Bwawa la Mtera lililo chini zaidi kwenye mto huo huo. Mtera lina namba inayojulikana na waziri, mhandisi na mwandishi wa habari: mita 690 juu ya usawa wa bahari. Hicho ndicho kina cha chini cha kuzalisha umeme, kama mita 698.5 zilivyo kina cha kujaa. Maji yanapokaribia 690, taarifa ya habari inasema, vikao vinaitwa, na mwaka 2015 Watanzania wote walijua kwa nini mitambo ya maji ilizimwa. Ihefu haijulikani kwa namba yoyote. Inapita chini ya kizingiti chake kimyakimya, na anayegundua wa kwanza ni ndege.

Sheria si kikwazo. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka matumizi ya nyumbani kuwa ya kwanza na mazingira kuwa ya pili, mbele ya kilimo na viwanda, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 ikafuata mwelekeo huo. Mwaka 2001 Waziri Mkuu wa wakati huo, Frederick Sumaye, alitangaza London kwamba Ruaha Mkuu utatiririka mwaka mzima ifikapo 2010. Ahadi ile ilikuwa nzuri. Ilikosa kipimo cha kila wiki na mtu wa kuulizwa kipimo kinaposhuka.

Kwa hiyo pendekezo langu la kwanza ni kina cha chini cha Ihefu kwa kila mwezi, kikipimwa pale N'giriama na kutangazwa hadharani kama kile cha Mtera. Nasema kila mwezi kwa makusudi. Namba moja ya mwaka mzima haitamsaidia korongo. Anahitaji kinamasi kipande vya kutosha wakati wa masika ili samaki wazaliane kwenye nyasi zilizofurika, kisha kishuke taratibu kuanzia Juni ili makinda walishwe, na mwishoni kabisa kibakishe kiini chenye maji hadi mvua za Novemba na Desemba.

Pendekezo la pili ni mabanio yafungwe mpunga ukishavunwa, na vijiji vinavyotegemea mifereji vichimbiwe visima kwanza. Mpangilio huo ni muhimu: visima kwanza, kufunga baadaye. Ukimfungia mama maji ya kunywa kwa ajili ya korongo, utakuwa umemfanya korongo kuwa adui wa kijiji kizima, na usiku banio litafunguliwa. Kupanda mapema pia kunasaidia, kwa sababu miche inayochelewa kuhamishiwa majarubani inavuta matumizi ya maji hadi ndani ya kiangazi.

La tatu linahusu mabwawa. Lipo wazo la siku nyingi la kujenga bwawa Lugoda kwenye Mto Ndembera, lihifadhi maji ya masika na kuyaachia Ihefu wakati wa kiangazi. Sipingi wazo hilo, lakini bwawa linaloachia maji kwa kiwango kile kile mwaka mzima litaokoa mto na kuua kinamasi. Zambia walilifikiria hili walipojenga Itezhi-Tezhi kwenye Mto Kafue, bwawa lililokamilika mwaka 1977: lilipewa uwezo wa ziada wa kuachia maji mengi mwezi Machi ili kuiga mafuriko ya asili, kwa kuwa korongo mkubwa mwenye ndevu mbili za ngozi chini ya kidevu hujenga kiota mafuriko yanapofika kileleni. Mafuriko yakiwa hafifu, jozi chache tu hujaribu kutaga. Korongo huyo yupo Usangu pia. Bwawa lolote litakalojengwa juu ya Ihefu liwe na kalenda ya kujaza na kupunguza, iliyoandikwa ndani ya kibali chake.

La nne ni kuhesabu ndege kwa njia inayotufaa. Afrika ina utaratibu wa kuhesabu ndege wa majini kila Januari na Julai, na Tanzania imo katika makubaliano ya kimataifa ya kuwalinda ndege wahamao wa majini tangu yalipoanza kutumika mwaka 1999. Hesabu hizo ziende pamoja na kipimo cha maji cha siku hiyo, na zihesabu makinda na viota vilivyofanikiwa, siyo ndege wazima peke yao. Ndege mzima anaishi miaka mingi na anaweza kukusanyika dimbwini mwaka hadi mwaka huku hajalea kinda hata mmoja. Siku wazee hao watakapokwisha, tutasema wametoweka ghafla, kumbe walikoma kuzaa zamani.

Wapo watakaouliza kwa nini nchi inayohitaji umeme na chakula ijisumbue na viota. Jibu liko kwenye umbo la bonde. Maji yanayomlisha kinda wa korongo Ihefu mwezi Agosti ndiyo yanayovuka N'giriama, yakawapa viboko na nyati wa Ruaha pa kunywa, yakaingia Mtera na Kidatu, na hatimaye yakaungana na mito mingine kwenda Bwawa la Julius Nyerere. Mwaka ambao korongo wa Ihefu watalea makinda hadi kuruka ni mwaka ambao mto mzima umefanya kazi yake, bila kuhitaji tume ya kututhibitishia. Kwa hilo hatuhitaji utafiti mpya wala ahadi mpya kutoka London. Tunahitaji kituo cha kupimia N'giriama kinachotangaza kila wiki, visima katika vijiji vya mifereji, na Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji ipewe nguvu ya kufunga banio lolote linaloendelea kuvuta maji baada ya mavuno, liwe la mkulima mdogo au la shamba kubwa.